Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Mcheza Ugenini?

Leo nimeshika kalamu si kutunga shairi wala kusimulia kisa cha sungura na fisi, bali kuwaeleza habari za mcheza dansi mmoja wa Italia aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Najua tayari kuna mtu anacheka huko nyuma ya darasa. Anauliza, "Dansi ya Wazungu wa kale inatuhusu nini sisi wana wa shule ya kutwa?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka.

Mambo yalianza hivi. Mwaka jana ngoma bunifu ya shule yetu ilifika mashindano ya kaunti. Wengi wenu mnakumbuka, maana mlitusindikiza hadi langoni kwa vifijo na nderemo. Tulicheza kisa cha mama mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Tulipomaliza, mwamuzi alisimama akatusifu kwa miguu myepesi, kisha akatupa kombora. Alisema kwamba kama angeziba masikio asimsikie msimulizi, angeona watoto wanaruka tu, ila mahali pamoja. Pale mjane anapoanguka, yeye alielewa kila kitu bila kuambiwa.

Mjane alikuwa mimi. Basi nilipigiwa makofi na nikapewa cheti cha mtunzi bora wa miondoko. Habari za cheti hicho nitazirudia mwishoni, kwa sababu kina kasoro.

Maneno ya mwamuzi yalinikaa kichwani kama kupe. Siku moja nilimwuliza mwalimu wetu wa muziki, "Mwalimu, kweli dansi inaweza kusimulia kisa kizima bila maneno?" Alicheka akasema kuwa swali hilo liliulizwa kule Vienna kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, kisha akanitajia jina moja: Gasparo Angiolini. Likizo iliyofuata niliitumia kutafuta habari zake. Haya ndiyo niliyoyapata.

KIJANA WA FLORENCE

Angiolini alizaliwa mwaka wa 1731 katika mji wa Florence. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja kama ilivyo leo. Ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mtawala wake, na karibu kila mtawala alitaka kuwa na ukumbi wa opera wa kujivunia. Opera, kwa wasiojua, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Penye opera palihitajika pia wacheza dansi ya jukwaani, yaani baleti.

Wacheza dansi wa siku hizo waliishi kama mafundi wa kujenga. Leo kazi iko hapa, kesho iko kule, nawe unafunga virago unaifuata. Wataliano walisifika kwa kazi hii na waliajiriwa kila pembe ya Ulaya. Angiolini alianza kwa kucheza katika kumbi za kwao Italia, ukiwemo mji wa Venice. Mwaka wa 1754 alifunga ndoa na Teresa Fogliazzi, naye mcheza dansi. Katika miaka hiyo ya 1750 wawili hao walijikuta Vienna, mji mkuu wa Austria.

Vienna ilikuwa makao ya Maria Theresa, mama aliyetawala kuanzia mwaka wa 1740 hadi 1780. Mjini mlikuwa na kumbi mbili kubwa. Moja ilikuwa kando ya jumba la kifalme na iliitwa Burgtheater. Nyingine ilikuwa karibu na lango la mji na iliitwa Kärntnertortheater. Msimamizi wa kumbi hizo alikuwa Mtaliano mwingine, Giacomo Durazzo wa kutoka Genoa. Kwa hiyo kijana wetu alikuwa ugenini, lakini hakukosa wa kumsalimu kwa lugha ya mama.

DANSI ILIKUWAJE KABLA YAKE?

Ili tuelewe alichokifanya Angiolini, yafaa tujue dansi ilikuwaje. Mara nyingi opera ilipofika mwisho wa sehemu moja, waimbaji walipumzika na wacheza dansi waliingia. Walivaa nguo nzito za kifahari, na mara nyingi nyuso zao zilifunikwa kwa vinyago. Waliruka, wakazunguka, wakainama kwa adabu, wakatoka. Dansi yao haikuwa lazima ihusiane na kisa kilichokuwa kikiendelea. Mfalme angeweza kuwa amekufa dakika tano zilizopita, na wao wanaingia wakicheza kama wachungaji wenye furaha. Yaani ilikuwa pambo, kama maua kwenye meza. Hakuna anayeyauliza maua yana maana gani.

Palikuwa na watu waliochoshwa na hali hiyo. Huko Vienna mmoja wao alikuwa Franz Hilverding, mzaliwa wa mji huo huo, aliyezaliwa mwaka wa 1710. Hilverding alijifunza dansi Paris, akarudi kwao na kuanza kutunga dansi zenye kisa ndani yake, hata visa vya huzuni vilivyotokana na tamthilia. Mchezaji wake hakuruka ili watu waseme "lo, anajua kuruka!" Aliruka kwa sababu mtu anayemwigiza alikuwa na jambo la kumrusha, kama furaha au hofu.

Angiolini alikuwa mwanafunzi wa Hilverding. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yangu. Mwaka wa 1758 Hilverding aliitwa Urusi kwenda kufanya kazi katika makao ya kifalme, na Angiolini akapewa nafasi ya mwalimu wake. Alikuwa na umri wa miaka 27 tu.

MLEVI WA ANASA NA MGENI WA JIWE

Tarehe 17 Oktoba mwaka wa 1761, katika ukumbi wa Burgtheater, Angiolini alionyesha dansi iitwayo Don Juan. Muziki ulitungwa na Christoph Willibald Gluck, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Vienna. Aliyesaidia katika mpango wa kisa alikuwa Ranieri de' Calzabigi, mshairi Mtaliano.

Kisa chenyewe ni hiki. Don Juan ni bwana tajiri, mlaghai wa wanawake, asiyemwogopa Mungu wala binadamu. Anapigana kwa upanga na mzee mmoja, kamanda wa jeshi, baba wa msichana aliyemharibia, na kumwua. Baadaye Don Juan anafanya karamu nyumbani kwake. Wageni wanakula, wanakunywa, wanacheza. Mara mlango unabishwa. Kumbe aliyekuja ni sanamu ya mawe, ile iliyowekwa juu ya kaburi la mzee aliyeuawa! Wageni wanatawanyika kama kuku walioona mwewe. Sanamu inamwalika Don Juan kwenda kula kwake, yaani makaburini. Kwa kiburi chake anakwenda. Huko sanamu inamsihi atubu, yeye anakataa. Ardhi inapasuka, mashetani wanatokea na mienge ya moto, wanamzunguka na kumburura hadi kuzimu.

Hebu fikirini, haya yote bila neno hata moja! Yaliwezekanaje? Nimechunguza nikaona njia tatu.

Kwanza, Angiolini alichagua kisa ambacho watazamaji wake walikijua tayari. Habari za Don Juan zilikuwa zimeigizwa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Dansi haina uwezo wa kusema "jana" au "kesho," wala haiwezi kueleza kwamba huyu ni shemeji wa yule kwa upande wa mama. Mwili husema mambo ya sasa hivi tu: naogopa, napenda, nimekasirika, nakufa. Mambo ya jana sharti mtazamaji awe anayajua kabla ya pazia kufunguliwa.

Pili, alichagua kisa chenye vitendo. Kupigana, kula, kubisha mlango, kukimbia, kukataa kwa kichwa, kubururwa. Kila kimoja mtoto wa chekechea anaweza kukitambua.

Tatu, ni muziki. Kabla ya hapo kazi ya muziki wa dansi ilikuwa hasa kushika mapigo ili miguu isipotee njia. Gluck aliufanya useme kile ambacho kinywa hakikusema. Sanamu ikiingia, muziki unatisha. Mashetani wakija, vinanda vinakimbia juu na chini hadi nywele zinakusimama. Muziki huo wa mwisho ulikuwa mzuri kiasi kwamba Gluck aliutumia tena mwaka wa 1774 huko Paris katika opera yake nyingine.

Siku 17 baada ya onyesho hilo la kwanza, yaani tarehe 3 Novemba, ukumbi ule mwingine wa karibu na lango la mji uliteketea kwa moto baada ya kuonyeshwa Don Juan. Kumbi za wakati huo zilijengwa kwa mbao nyingi na kuangazwa kwa mishumaa, kwa hiyo moto haukuwa jambo geni.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Oktoba 1762, Gluck na Calzabigi walitoa opera mashuhuri iitwayo Orfeo ed Euridice. Inamhusu mwimbaji anayeshuka kuzimu kumfuata mkewe aliyekufa. Dansi zilipangwa na Angiolini. Safari hii wacheza dansi hawakungoja waimbaji wapumzike. Wao ndio mizimu ya kuzimu wanaomzuia Orfeo asipite, na anapoimba kwa uchungu wanalegea polepole na kumwachia njia. Dansi ilikuwa imeacha kuwa ua la mezani, imekuwa sehemu ya chakula.

HARUSI ILIYOTIWA MAJI BARIDI

Wasomaji wapenzi, msidhani kila alichogusa Angiolini kiligeuka dhahabu. Mwezi wa Januari mwaka wa 1765 palikuwa na harusi kubwa Vienna. Joseph, mwana wa Maria Theresa, alimwoa Maria Josepha wa Bavaria. Angiolini na Gluck walitakiwa kutoa dansi ya kusherehekea, nao walitoa Semiramis, tarehe 31 ya mwezi huo.

Mnajua Semiramis ni nani? Ni malkia wa Babeli anayesimuliwa katika hadithi za kale kuwa alimwua mumewe. Katika dansi hiyo mzimu wa mume unatoka kaburini, na mwishowe malkia anauawa na mwanawe mwenyewe wa kumzaa. Sasa niambieni, nani huchezewa kisa kama hicho kwenye harusi yake? Ni kama kwaya kualikwa arusini ikaimba nyimbo za matanga. Watazamaji hawakupendezwa hata kidogo.

Lakini Angiolini hakuwa amekosea kwa ujinga. Pamoja na dansi hiyo alichapisha kijitabu kwa lugha ya Kifaransa. Alieleza humo kwamba Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa na waigizaji bubu waliowaliza watu kwa ishara tu, na kwamba sanaa hiyo inaweza kufufuliwa. Alitaka kuthibitisha kuwa dansi inaweza kubeba huzuni kubwa kama inavyobebwa na tamthilia. Hoja yake ilikuwa nzuri, ila siku aliyoichagua ilikuwa mbaya. Kila jambo na wakati wake.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mume wa Maria Theresa, Kaisari Francis, alifariki dunia. Kumbi zikafungwa kwa matanga. Mcheza dansi bila ukumbi ni kama mvuvi bila bahari. Mwaka wa 1766 Angiolini alifunga virago tena, akaelekea kaskazini kwenye theluji, Urusi, kushika tena nafasi ya mwalimu wake Hilverding, ambaye alikuwa amerudi Vienna.

DANSI YA CHANJO

Huko St. Petersburg alitawala Malkia Catherine wa Pili. Mwaka huo wa 1766 Angiolini alimwonyesha dansi ya Dido, malkia wa Carthage aliyeachwa na mpenzi wake. Carthage ilikuwa huku kwetu Afrika, upande wa kaskazini, katika nchi ya Tunisia ya leo. Alipofika Moscow alisikiliza nyimbo za wananchi wa huko, akatazama ngoma zao, akatunga dansi kutokana na hizo. Maana yeye alikuwa pia mtunzi wa muziki, na dansi zake kadhaa alizitungia muziki mwenyewe. Hapo alinifurahisha. Mgeni anayejifunza ngoma ya mwenyeji ana adabu.

Lakini dansi iliyonishangaza kuliko zote ni ya mwaka wa 1768. Siku hizo ugonjwa wa ndui ulikuwa unaua watu bila kujali cheo. Yule bibi harusi wa Vienna, Maria Josepha, alikufa kwa ndui mwaka wa 1767, miaka miwili tu baada ya harusi yake. Kinga iliyokuwepo ilikuwa kumchanja mtu mkononi na kumtia usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, ili augue kidogo na asiugue tena. Watu wengi waliiogopa. Catherine alimwita daktari Mwingereza, Thomas Dimsdale, akachanjwa yeye mwenyewe ili raia wake waone. Alipona salama.

Angiolini alitunga dansi ya kusherehekea jambo hilo na kuiita Ubaguzi wa Mawazo Ulioshindwa, kwa kadiri nilivyoweza kulitafsiri jina lake. Ndani yake Ujinga na Ushirikina ni watu kabisa wanaocheza jukwaani, na mungu wa kike wa hekima, ambaye kila mtu alijua ni Catherine, anawashinda. Yaani miaka 250 na zaidi iliyopita kulikuwa na mtu anayetumia ngoma bunifu kuwahimiza watu wachanjwe! Ndui yenyewe ilikuja kufutwa duniani, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana mwaka wa 1977 katika nchi jirani yetu Somalia.

UGOMVI WA KALAMU

Angiolini aliondoka Urusi mwaka wa 1772 akarudi Italia. Huko Vienna nafasi yake ilikuwa imeshikwa tangu mwaka wa 1767 na Mfaransa mmoja, Jean-Georges Noverre. Huyu alikuwa fundi kweli kweli, tena mwandishi hodari. Mwaka wa 1760 alikuwa ametoa kitabu cha barua kuhusu dansi, akidai kwamba vinyago vitupwe na dansi isimulie kisa. Kitabu kilisomwa kote Ulaya, na watu walianza kumwona Noverre kuwa ndiye baba wa dansi ya namna hiyo.

Mwaka wa 1773, mjini Milan, Angiolini alichapisha barua za kumjibu Noverre. Hapo ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Mimi nilitarajia aseme, "Si wewe, ni mimi!" Si angekuwa na haki? Don Juan ilikuwa yake, Semiramis ilikuwa yake. Lakini hakusema hivyo. Alisema aliyetangulia ni Hilverding, mwalimu wake.

Hilverding hangeweza kujitetea, kwa sababu alikuwa amekufa mwaka wa 1768. Hakuacha kitabu, na dansi zenyewe hazikuandikwa zikabaki. Dansi si kama shairi ambalo unaweza kulikuta sandukuni baada ya miaka mia. Mchezaji akitua mguu, dansi imeisha. Kilichobaki cha Hilverding kilikuwa ndani ya miili na vichwa vya wanafunzi wake. Wasingemtaja wao, nani angemtaja?

Katika ugomvi huo Angiolini alimsema Noverre pia kwa tabia ya kugawa vijitabu virefu vya kueleza kisa kabla ya dansi. Alisema dansi isiyoeleweka bila karatasi ni dansi dhaifu. Kwa kweli hapa naye alijikwaa, maana hata yeye alikuwa amechapisha maelezo ya Don Juan na Semiramis. Nyani haoni kundule. Hata hivyo hoja yake ndiyo ile ile ya mwamuzi wetu wa kaunti: ziba masikio, weka karatasi chini, kisha uniambie umeona nini.

Noverre alijibu, wafuasi wa pande zote mbili wakaingilia, na wino mwingi ukamwagika. Nani alishinda? Kwa umaarufu, alishinda Noverre. Siku ya Kimataifa ya Dansi, iliyoanza kuadhimishwa mwaka wa 1982, huwa tarehe 29 Aprili, nayo ni siku ya kuzaliwa kwa Noverre. Hilverding hana siku. Lakini jina lake lingali linatajwa leo pale watu wanapoeleza mwanzo wa dansi ya kusimulia, na sababu moja kubwa ni kwamba mwanafunzi wake hakunyamaza.

MWISHO WA SAFARI

Angiolini alirudi Vienna mwaka wa 1774, akaenda tena Urusi mara mbili, na katikati ya safari hizo akafanya kazi Milan katika ukumbi wa La Scala uliofunguliwa mwaka wa 1778. Mwaka wa 1786 aliiaga Urusi kabisa akarudi Italia.

Methali yetu husema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alitunzwa ugenini. Je, nyumbani? Mwaka wa 1796 majeshi ya Ufaransa yaliingia Milan na fikira mpya za jamhuri, kwamba binadamu wote ni sawa. Mzee Angiolini, aliyewachezea wafalme maisha yake yote, aliziunga mkono. Mwaka wa 1799 Waaustria pamoja na Warusi waliuteka mji huo tena. Waaustria na Warusi, watu wa nchi zile zile mbili alizozitumikia! Alikamatwa akiwa na miaka 68, akapelekwa uhamishoni katika ghuba ya Kotor, nchi ya Montenegro ya leo. Aliachiliwa mwaka wa 1801 vita vilipokwisha, na alifariki Milan mwaka wa 1803.

CHETI CHANGU

Sasa nirudi kwenye kile cheti. Mnamkumbuka mjane anavyoanguka? Mimi sikutunga vile. Wiki mbili kabla ya mashindano nilikuwa nikifanya mazoezi nyuma ya jikoni, kwa sababu sisi wa kutwa hatuna muda jioni. Nilikuwa najibwaga chini kama gunia la mahindi. Mama anayetupikia githeri alikuwa akikoroga sufuria kubwa, akacheka hadi machozi. Akasema, "Mwanangu, mtu aliyevunjika moyo haanguki hivyo. Magoti ndiyo hutangulia. Halafu mkono unatafuta pa kushika, unakosa. Hapo pa kukosa ndipo watu watalia." Akaweka mwiko chini akanionyesha. Kumbe ujanani mwake alikuwa katika kikundi cha akina mama waliocheza ngoma siku za sikukuu za taifa. Alinionyesha mara tatu, kisha akarudi kwenye sufuria kabla githeri haijaungua.

Mwamuzi alipouliza nani aliyetunga sehemu ile, nilisema, "Ni mimi." Nilisema haraka, na neno likitoka halirudi. Jumatatu yake mama huyo alinipakulia githeri ya kilima kizima kunipongeza. Hakuuliza lolote. Niliila, lakini wallahi haikushuka vizuri.

Nilipofika kwenye barua za mwaka wa 1773 niliona aibu. Angiolini alikuwa na jina Vienna na Urusi, na bado hakuona shida kusema "nilifundishwa." Mimi nina cheti kimoja cha kaunti, nikashindwa.

Kwa hiyo juzi nilikwenda jikoni nikamsomea makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Nilimwuliza kama naweza kuandika jina lake. Alifuta mikono kwenye leso akasema, "Andika Mama Githeri, ndilo mnaloniitia. Na usinizeeshe." Basi nimeandika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: muanguko wa mjane ni wa Mama Githeri. Mwalimu wa drama amekubali kwamba mwaka huu, tutakapotaja wahusika kabla ya ngoma, yeye atatajwa kama mwalimu wa miondoko, na amemwomba aje mazoezini siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana.

Ngoma ya mwaka huu tutaijaribu kwanza bila msimulizi. Njooni ukumbini Ijumaa mtutazame, mkiwa mmeziba masikio. Mkielewa, mtuambie. Msipoelewa, mtuambie pia, bado tuna muda wa kurekebisha.

Hapa naweka kalamu yangu chini. Wassalaam.